Mashine Niliyoifundisha Kucheka

Jumatatu, 3 Machi

Baada ya kubisha mlango wa idara mpaka vidole vikaota sugu, kozi yangu imekubaliwa. Kwa majaribio, alisema mkuu wa idara, muhula mmoja tu, halafu tutaona. Mkuu wetu ni mzee mpole anayejibu "tutaona" hata ukimuuliza saa. Sawa, ataona.

Kozi ni ya kutengeneza lugha za kompyuta. Siyo kuzitumia, hilo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wameshafundishwa mpaka wakachoka. Hapa kila mmoja atachagua watu wa kazi fulani, atawatungia lugha ndogo ya kazi yao, kisha ataandika kitafsiri chake, yaani programu ya kusoma alichoandika mtu na kukigeuza kuwa amri za mashine. Mimi nimewatangulia. Nimetunga Chaki, lugha ya mfano, kwa ajili ya mjomba wangu anayekodisha mahema na viti. Unaandika hema mbili, viti mia, Jumamosi asubuhi, nayo inakupangia magari na vibarua. Wataitumia na kuipanua wiki hadi wiki.

Ninachojivunia zaidi ni ujumbe wa makosa. Likizo nzima nilikuwa nautunga, nikicheka peke yangu kama mwehu. Kitafsiri cha kawaida ukikosea kinakwambia "kosa", basi, kikavu kama mkate wa juzi. Changu kina ulimi. "Hata kuku angeona umekosea." "Umetaja kitu usichokijua. Hiyo tabia uliitoa nyumbani?" Tena kinahesabu: kadiri unavyokosea ndivyo kinavyozidi ukali, mpaka mara ya tano kinakwambia: "Nenda nyumbani ukawapumzishe walimu." Wanafunzi huniita Wembe, wanadhani sijui. Basi na wakatwe kidogo, wacheke.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi cha kwanza cha maabara. Vicheko mpaka kwenye korido. Kiongozi wa darasa, ambaye wenzake humwita Mbunge kwa kuwa hajawahi kunyamaza, alikuwa anakosea makusudi ili ausome ujumbe kwa sauti. "Jamani, sikilizeni na hii!" Katika maisha yangu ya ualimu sijapata kuona watu wakiyakimbilia makosa namna ile.

Kisha kila mmoja akataja lugha atakayotunga. Mbunge atawatungia marefa wa mpira. Mwingine atatunga ya zamu za wauguzi. Tulipofika kwa msichana anayekaa dirishani alifungua mdomo, akasita, akainamia meza. Muda ulikuwa unakwenda, nikamsaidia. "Ya duka? Mauzo ya dukani?" Akaitikia kwa kichwa. Haya, duka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Dari ya maabara inavuja juu ya kompyuta ya mstari wa nyuma. Fundi ameleta ndoo, na ndoo ndiyo matengenezo yenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Ujumbe wangu umetoka nje ya darasa. Kwenye foleni ya chakula mwanafunzi wa uhasibu amemwaga chai, mwenzake akamwambia: "Hata kuku angeona." Nilijifanya natafuta kijiko, kumbe naficha tabasamu. Jioni nikatunga mingine, mikali zaidi.

Mjomba hajaanza kutumia Chaki. Anasema atatulia kwanza, msimu wa arusi upite.

Alhamisi, 27 Machi

Msichana wa dirishani leo alikwama. Kila akijaribu, kitafsiri kinamrudisha. Mbunge, aliyekuwa akipita kwenda kwenye soketi ya umeme, akachungulia skrini yake na kusoma kwa sauti ya mtangazaji: "Nenda nyumbani ukawapumzishe walimu!" Darasa likaanguka kicheko. Nami nikacheka. Ungekuwepo ungecheka pia, jinsi alivyousoma.

Msichana hakucheka. Aliniangalia mimi, siyo Mbunge. Kisha akafungasha vitu vyake polepole, chaja, kalamu, mwavuli, akatoka kabla ya kipindi kuisha.

Siku hizi watoto ni wa mayai. Sisi tulitukanwa na walimu wenye bakora mkononi, na tumefika hapa tulipofika.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuja. Ndoo imejaa hadi ukingoni, hakuna aliyeimwaga.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuja tena. Mkuu wa idara alinisimamisha kwenye ngazi.

"Yule binti wa dirishani, mbona simwoni siku za Alhamisi?"

"Nadhani kozi imemshinda, mzee."

"Imemshinda? Huyu ndiye aliyeongoza mwaka jana kwenye somo la algoriti." Akakunja mwavuli wake. "Hii ni kozi ya lazima kwake. Asipowasilisha kazi ya mwisho Juni, anarudia mwaka mzima. Unalijua hilo?"

Nilijibu kwamba nalijua. Sikuwa nalijua. Sikuwa hata nimelifikiria.

"Basi tutaona," akasema, na kwa mara ya kwanza neno lile halikunichekesha.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika hili huku mikono bado inanuka maganda ya viazi.

Binti yangu yuko likizo ya shule, ana miaka kumi na mitatu, na mvua imemfungia ndani. Baada ya chakula cha mchana akaniomba: "Mama, na mimi nijaribu ile lugha yako." Nilifurahi jamani. Nikamfungulia kompyuta mezani, nikampa karatasi ya maelekezo, nikarudi kwenye viazi vyangu. Nilimsikia akicheka. "Ati kuku!" Nikacheka naye kutoka jikoni. Akacheka tena, kidogo. Halafu nikasikia vibonye peke yake. Halafu hata vibonye vikanyamaza.

Nilikwenda huku najifuta mikono. Kwenye skrini palikuwa na ile ya mara ya tano. Nenda nyumbani ukawapumzishe walimu.

"Niko nyumbani tayari," akasema, bila kugeuka.

"Ni utani tu, mwanangu."

"Najua. Hata kwenye hesabu huwa unasema ni utani."

"Kwenye hesabu nasema nini?"

Akasimama, akashika kiuno, akainua unyusi mmoja. Sikujua kwamba nainua unyusi mmoja. "'Haya, tena! Hata kuku angeona!'" Sauti ilikuwa yangu mpaka kwenye pumzi. Kisha akakaa, akawa mtoto tena. "Halafu mimi nacheka."

"Kwa nini unacheka?"

"Ili uache."

Nilivuta kiti nikaangalia alichoandika, nadhani nilitaka kukuta kosa kubwa, kosa la kunitetea. Alikuwa ameandika viti mia, hema mbili, Jumamosi asubuhi. Basi. Ametanguliza viti. Chaki inataka hema ianze, kwa sababu siku nilipoiandika mimi nilianza na hema. Hakuna karatasi yoyote niliyoandika inayosema hivyo. Mjomba mwenyewe akipokea simu ya mteja huuliza viti kwanza, nimemsikia maisha yangu yote.

Kibaya zaidi ni hiki, na nitakiandika wazi. Kitafsiri changu kilikuwa hakijui mtoto amekosea wapi. Kilifika kwenye neno viti, kikakwama, kikatukana. Ningetaka kimwambie "hema inatangulia," ningehitaji kukifundisha kubahatisha mtu alikuwa anajaribu kusema nini, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kutengeneza lugha. Ndiyo kazi ninayolipwa kuifundisha. Tusi halihitaji kujua chochote. Miezi ile ya likizo niliyokuwa nacheka peke yangu, nilikuwa napaka rangi ukuta wenye ufa. Nyani haoni kundule.

Wanafunzi wangapi wameanza na viti?

Jumanne, 15 Aprili

Nimefuta ujumbe wote. Nimekaa asubuhi nzima kuandika mpya na nimeandika mmoja. Kila ninapoanza, kejeli inatangulia mbele ya mkono.

Alhamisi, 17 Aprili

Baada ya kipindi nilimzuia Mbunge mlangoni.

"Unajua anakokaa mwenzenu wa dirishani?"

"Kwa shangazi yake, mwalimu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Anafuma masweta." Akakuna kisogo. "Mimi nilimpigia kumwomba radhi. Hakupokea. Nikamwandikia, akajibu 'sawa'. Hiyo 'sawa' mwalimu, bora angenitukana."

"Ulimfanyia utani kama wengine wote."

"Hapana, mwalimu. Yule hata tusipomtania huwa hataki kusikika, si unajua mambo ya kigugumizi."

"Kigugumizi gani?"

Mbunge, ambaye hajawahi kukosa neno, alilikosa. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeshusha kitu kizito: "Mwalimu, kwani hukujua?"

Sikujua. Tangu muhula ufunguliwe nilikuwa namfundisha mtu asiyeweza kusema jina lake bila kupigana nalo, nami nilichukua kule kupigana kwake nikakuita uvivu wa kufikiri. Nikamchagulia hata duka.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja nililolitumia.

Ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani kuna mashine ya kufuma ya mkono, ndefu kama benchi, na shangazi mtu alikuwa anasukuma kigari chake huku na huku, shraa, shraa. Masweta ya shule yamepangwa kwa rangi mpaka dirishani. Msichana alikuwa sakafuni anashona shingo za masweta. Aliponiona aliweka sindano chini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Salamu ilitoka kwa taabu, na safari hii niliisikia taabu yake.

Shangazi hakuacha kusukuma. "Wewe ndiye Wembe?"

"Ndiye mimi, dada."

"Nilidhani utakuwa mrefu." Shraa, shraa. "Kaa, hayo masweta yasogeze tu."

Nikakaa, nikasema nimekuja kuomba msamaha. Nikaanza kueleza ujumbe ulivyotungwa, kwamba sikuwa namlenga mtu, kwamba nia ilikuwa kuchangamsha darasa. Nilisikia ninavyojitetea, lakini ulimi ukishateremka mlima hauna breki. Shangazi akasimamisha mashine.

"Mwalimu, ulikuja kusema au kusikia?"

Msichana akafungua mdomo.

Ilichukua muda. Sijui muda gani, sikuangalia saa, na hilo peke yake lilikuwa kazi. Neno la kwanza lilikwama, midomo ikatetemeka, akafumba macho. Nililiona neno analolitafuta, au nilidhani nimeliona, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kumpa. Shangazi alinitazama. Nikaufunga.

"Ni-ni-nilichagua kompyuta," akasema mwishowe, "kwa sababu kompyuta haicheki. Watu wote wanacheka. Hata wazuri wanacheka kwa macho. Kompyuta i-inasubiri. Unaandika, inasubiri. Nilikuwa naipenda sana." Akaokota sindano, akaiangalia. "Halafu wewe ukaifundisha kucheka."

Nililia mbele yao. Simwandikii mtu hili nionekane na moyo mwema. Nilijisikia aibu ya mtu aliyekutwa anachukua fimbo ya kipofu kuchokorea embe.

Nikamwomba arudi. Nilimwambia ujumbe wote nimeufuta. Nikamwambia lugha ya duka itatosha, hata ikiwa fupi, nitamsaidia.

"Sikutaka duka," akasema. Hilo lilitoka moja kwa moja, bila kukwama.

Shangazi alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilimnong'oneza amshawishi, kwamba asipowasilisha Juni anarudia mwaka.

"Simshawishi. Huyu mtu mzima, na amekusikia." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe ukajikwaa, ukachapisha."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimewaomba radhi darasani. Nilisema wazi: ujumbe ulikuwa wa kejeli kwa sababu kitafsiri changu hakikujua kueleza kosa, na mimi nilificha ujinga wake kwa matusi. Nikawaonyesha viti na hema. Nikawaambia sasa viti vikitangulia Chaki itakubali, kwa kuwa ndivyo wenye kazi wanavyosema, na lugha ni ya wenye kazi.

Nilitegemea watasikitika kukosa vichekesho. Kisha kijana wa mstari wa nyuma, wa pale penye ndoo, akasema: "Mwalimu, mimi nilikuwa nafanyia kazi zangu nyumbani ili mtu asione skrini." Mwingine: "Mimi nilikuwa namlipa mwenzangu soda aniandikie." Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, bila hasira hata kidogo, kama watu wanaotaja maradhi kwa daktari.

"Lakini mlikuwa mnacheka!" nikasema.

Mbunge akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, ulikuwa umesimama pale."

Alhamisi, 8 Mei

Kiti cha dirishani kitupu. Mvua imepungua. Nimeandika ujumbe mpya wa kutosha sasa, naanza kuzoea. Kila mmoja naanza kwa kujiuliza huyu mtu alikuwa anataka nini.

Alhamisi, 15 Mei

Kitupu.

Jumamosi, 24 Mei

Mjomba ameijaribu Chaki leo. Akaandika "viti mia mbili, hema utaniambia". Tulicheka wote, kisha nikakumbuka kuwa nacheka, nikaacha. Mjomba akashangaa. "Una nini siku hizi? Umekuwa kama unakanyaga mayai."

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya kuwasilisha. Kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtu mmoja wa ile kazi aliyoitungia lugha. Palikuwa na refa amevaa jezi yake nyeusi, muuguzi anayesinzia baada ya zamu, mwenye gereji. Mkuu wa idara alikaa mbele karibu nami. Ndiyo siku ya kozi yenyewe kuhukumiwa, lakini mimi nilikuwa naangalia mlango.

Waliingia katikati ya lugha ya marefa. Shangazi mbele, na sweta la shule mkononi, msichana nyuma yake. Akaenda kukaa dirishani, mahali pake.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya watu wote. "Lugha yangu," akasema, "ni ya ku-ku-" na neno likakwama. Darasa likatulia. Nilimsikia mkuu wa idara akivuta pumzi, mzee mpole, anataka kumsaidia mtoto wa watu. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Akanitazama. Nikatikisa kichwa.

Tukasubiri. Mwenye gereji alianza kukohoa, akajizuia.

"Ya kufuma," akasema.

Alieleza yote mwenyewe. Ilichukua muda mara mbili ya wenzake, na hakuna aliyemkatiza. Unaandika mstari kama wafumaji wanavyotajiana mdomoni: shingo, safu ngapi, punguza wapi, rudi. Kitafsiri kinachora sweta safu kwa safu na kukwambia uzi utakaohitaji. Shangazi aliandika sweta la mtoto wa darasa la kwanza bila kuangalia karatasi yoyote. Mkuu wa idara aliuliza swali, akajibiwa, na akasubiri jibu mpaka likaisha.

"Mwalimu naye a-ajaribu," msichana akasema.

Sikutegemea. Nilikwenda mbele, nikaandika mstari wangu, na nikakosea. Siyo makusudi. Nilipunguza safu kabla sijaanza sweta. Nikajikuta nimeinua mabega, nangojea kicheko, mimi niliyekitunga. Skrini ikaandika:

Sijakuelewa bado. Nadhani unataka kupunguza safu, lakini sweta halijaanza. Endelea, nakusikiliza.

Hakuna aliyecheka. Msichana hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia kama mstari umekaa vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Kozi imepitishwa, mkuu hakusema hata "tutaona". Nilipaswa kufurahi. Nimekaa leo kusahihisha, na nikagundua kwamba katika mgawanyo wa alama niliouandika mwenyewe Machi, hakuna hata alama moja ya namna lugha inavyozungumza na mtu aliyekosea. Mia nzima nimeigawa kwingine.

Nilifungua kazi yake nikiwa peke yangu. Nikakuta ameichukua ile hesabu yangu ya makosa kama ilivyo, ile inayozidi ukali. Hakuibadilisha hata mstari. Nikajua atakuwa amebadilisha maneno, nikataka kuyaona. Nikakosea makusudi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara maelezo yakazidi kuwa marefu na ya taratibu. Mara ya tano ikaandika:

Pumzika kidogo. Kazi yako nimekutunzia, utaikuta hapa.

Nilikaa nikiiangalia mpaka skrini ikajizima. Sijui alikaa na ule ujumbe wangu mara ngapi mpaka akapata huu wa kuuweka mahali pake, lakini najua hakuuandika kwa ajili yangu.

Nyumbani nilimkuta binti yangu na hesabu zake mezani. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Akaufunika ukurasa kwa mkono.

Sikuuvuta. Nilikaa nikasubiri.